Nusu Tangi

Mjomba alinunua pikapu mwishoni mwa Machi 2022, na kwa siku kumi na moja hakuna mtu hapa Wema aliyelala bila kusikia habari zake. Ilikuwa pikapu kuukuu ya dizeli, Mjapani aliyechoka, rangi nyeupe imebaki zaidi milangoni kuliko kwenye bodi. Lakini ilikuwa na sifa moja: haili mafuta. Siku ya kwanza alitia lita 20 pale Garsen. Akabeba mpunga, akarudi. Akaenda Ngao, akarudi. Akaenda Tarasaa mazishini, akarudi. Mshale wa mafuta ukakaa palepale, chini kidogo ya nusu. "Hii gari ni punda," alituambia barazani. "Inakula nyasi."

Tulicheka. Mimi pia nilicheka, na mimi ndiye niliyesomea uhandisi wa umeme mwaka mmoja na nusu kabla ya kuacha chuo na kurudi nyumbani. Mtu wa kwanza kujiuliza swali alipaswa kuwa mimi.

Usiku wa siku ya kumi na mbili dada yangu, binti ya mama mkubwa, alianza kutokwa na damu. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Ikaamuliwa apelekwe Malindi, zaidi ya kilomita 100, na gari lililokuwa karibu ni hilo. Mnaikumbuka Aprili ile: nchi nzima ilikuwa kwenye foleni za mafuta, Nairobi watu wanasukuma magari hadi kwenye pampu, na sisi wa mbali ndio usiseme. Mjomba aliwasha swichi, akangoja mshale upande, akasoma. Karibu nusu tangi. Inafika Malindi na inabaki. Tukatoka, mimi nyuma na mtungi wa maji, dada na mama mkubwa mbele.

Tulikuwa tumepita Minjila kitambo, Gongoni bado mbali, injini ilipokohoa mara mbili ikanyamaza. Nilishuka nikachungulia dirishani. Mshale ulikuwa palepale.

Petroli ikiisha unatia nyingine, unapiga stati, unaenda. Dizeli haina huruma hiyo. Ikiisha, mabomba yanavuta hewa, na injini haiwezi kuitoa yenyewe. Lazima ulegeze nati fulani, upampu kwa mkono hadi mapovu yaishe. Kijana wa bodaboda alituletea lita tano baada ya saa moja. Saa ya pili tuliimaliza tukiitafuta hiyo nati kwa mwanga wa simu. Hatukuiona. Lori la ng'ombe lililokuwa likishuka Mombasa likasimama, utingo akaruka kwenda nyuma na ng'ombe, dada akapandishwa mbele.

Dada alipona. Mtoto hakupona. Hakuna daktari aliyesema ni zile saa mbili, na hakuna aliyesema sizo. Mama mkubwa alisema maneno machache tu kwa ndugu yake, siku ya tatu, mbele ya watu: "Ulimpakia mwanangu kwenye gari halina mafuta." Baada ya hapo hakumsemesha tena. Mjomba hakujitetea. Alikuwa ameamini mwenyewe kwamba macho yake ndiyo yaliyosoma vibaya, kwa giza na kwa wasiwasi. Akaiegesha pikapu chini ya mwembe, akawa anakwenda shamba kwa miguu.

Ndivyo nilivyoanza kusoma historia ya geji ya mafuta. Kwa hasira, si kwa kupenda magari.

Nilichokigundua mapema ni kwamba kwa muda mrefu swali la "yamebaki kiasi gani" halikuwa swali, kwa sababu kile unachochoma unakiona. Mwaka 1891 stima iliyoitwa Kenia, mali ya Kampuni ya Imperial British East Africa, ilipanda huu mto wetu wa Tana. Stima za aina ile zilichoma kuni. Nahodha akitaka kujua hali yake anatazama rundo. Likipungua anafunga ukingoni, watu wanakata miti. Hakuna kifaa hapo kati kinachomsimulia.

Gari ndilo lililoyaficha mafuta ndani ya chuma. Hata hivyo Ford Model T, gari lililotoka 1908 na kuundwa zaidi ya milioni 15, kwa miaka mingi halikuwa na geji yoyote. Tangi lilikaa chini ya kiti cha mbele. Dereva anashuka, anainua kiti, anafungua kifuniko, anachovya rula ya mti, anasoma palipolowa. Petroli ilishuka kwenye injini kwa uzito wake tu, bila pampu, kwa hiyo tangi likiwa karibu kuisha na mlima ni mkali, mafuta hayafiki. Watu waligeuza gari wakapanda kinyumenyume. Nikimwazia mtu na suti yake anapanda mlima kwa rivasi mwaka 1915, napata nafuu kidogo.

Kwetu Afrika Mashariki kipimo kilikuwa debe. Petroli na mafuta ya taa yaliletwa kwenye makopo ya bati ya galoni nne, kama lita 18, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Neno lenyewe lilikuja na wenye maduka kutoka Bara Hindi. Mafuta yakiisha kopo halitupwi: linateka maji, linapasuliwa na kunyooshwa liwe paa, linapima nafaka. Makopo yale hayapo tena, lakini mahindi bado yanauzwa kwa debe, manamba wa stejini bado anapiga debe, na kila miaka mitano tunaambiwa tukutane debeni. Nani kati yetu akipiga kura anakumbuka petroli?

Mtungi wa lita 20 nao una safari yake. Ulibuniwa na jeshi la Ujerumani miaka ya 1930. Waingereza vitani Afrika Kaskazini walikuwa na makopo yanayovuja hovyo, wakaiona mitungi ya adui, wakaiteka, wakaiiga. Mjerumani walimwita Jerry kwa dharau, ndiyo maana tunasema jerikeni. Hao hao Wajerumani walikuwa wameweka bendera yao Witu, jirani zetu hapa, tangu 1885 hadi 1890 walipowaachia Waingereza. Jerikeni lao halikutufikia kwa njia hiyo.

Nimekaa sana kwenye makopo kwa sababu yana jambo ambalo geji haina: ukilinyanyua, mkono wako unajua. Ukiligonga, sikio linajua. Huhitaji kumwamini mtu.

Geji inahitaji uamini. Za mwanzo hazikudai imani kubwa. Ford Model A ya mwaka 1927 ilikuwa na tangi mbele ya dereva, na geji yake ilikuwa kijiboya cha gome kilichoelea ndani, kikizungusha namba nyuma ya kioo. Unachokiona kinagusana na mafuta. Lakini magari yalipohamishia matangi nyuma, mbali na kiti, ilibidi habari isafirishwe, na umeme ukapewa kazi ya tarishi.

Inavyofanya kazi ni hivi. Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye geji, hushuka kwa waya mrefu hadi tangini, hupita kwenye utepe wenye ukinzani, humalizikia kwenye bodi ya gari. Ndani ya tangi kuna floti, ndugu yake ile ya tangi la choo, imeshikwa na mkono wa waya. Mafuta yakishuka, floti inashuka, mkono unateleza kwenye utepe, ukinzani unabadilika. Dashibodi inasoma ukinzani huo. Geji haijawahi kuyaona mafuta hata siku moja. Na kwenye geji nyingi za zamani mshale unasukumwa na kipande cha metali mbili zilizobanwa pamoja, kinachopashwa moto na umeme huo na kupinda polepole. Upole huo una faida, la sivyo kwenye barabara zetu mshale ungecheza chakacha.

Hapa ndipo nilipokuta jambo lililonikalisha macho. Kitu chenye waya mrefu hivyo lazima siku moja kiharibike, na aliyekiunda anajua. Kwa hiyo anachagua, mapema, kikiharibika kiseme nini. Kwenye magari mengi ya Kijapani ya zamani, tangi likijaa ukinzani ni mdogo, likiwa tupu unapita omu 100. Waya ukikatika, kwa geji ni kama ukinzani usio na mwisho, na mshale unalala kwenye E. Dereva anaudhika, anatia mafuta asiyoyahitaji, anafika. General Motors wa Marekani kwa miongo mingi walifanya kinyume: sifuri ni tupu, 90 ni limejaa. Kule waya ukikatika mshale unapaa hadi F na kuipita. Dereva anafurahi hadi anaposimama porini.

Volkswagen ya mgongo wa kobe, ambayo wazee wetu waliiendesha sana, ilikwepa mjadala wote: hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 haikuwa na geji ya mafuta. Ilikuwa na kikoki cha akiba. Injini ikikohoa unakigeuza kwa mguu, unapata lita chache za mwisho, unajua sasa tafuta pampu. Bodaboda wenu wa kila siku ana kitu kilekile, anakiita rizavu, na huwezi kumdanganya kwa mshale. (Kwa wale wa mjini wenye magari: ile alama ya pembe tatu kando ya picha ya pampu inaonyesha mdomo wa tangi uko upande gani. Ni wazo la James Moylan, mfanyakazi wa Ford, aliyeliandika 1986 baada ya kuegesha upande usio wake kwenye mvua.)

Kuna watu watasema ni kifaa kidogo, mbona kelele. Nawaambia waje waendeshe hapa. Baada ya shambulio la Mpeketoni la Juni 2014, lililoua zaidi ya watu 60, mabasi ya barabara ya Garsen na Lamu yalikuwa yakienda kwa msafara wa polisi. Kwenye msafara hakuna kusema ngojeni nitafute dizeli. Mto nao hapa husomwa kwa kijiti: watu huchomeka mti ukingoni jioni, asubuhi wanatazama maji yamefika wapi, wanaamua kama wahamishe mpunga. Misri walifanya hivyo kwa jiwe. Ile nguzo ya kupimia Nile kisiwani Roda, Cairo, ni ya mwaka 861, na kina kilichosomwa pale ndicho kilichoamua kodi ya mwaka. Fikiria nguvu aliyokuwa nayo msomaji wa nguzo.

Julai nikamwambia mjomba nataka kuitazama gari. Akasema fanya utakavyo. Nikamwita fundi wa pikipiki kutoka Garsen, mzee wa maneno machache, akaja na mita yake ya umeme ndani ya mfuko wa unga.

Kwanza alikata mti mwembamba. Shingo ya tangi la pikapu imepinda, mti haupiti, kwa hiyo alifungua bamba la juu ambamo floti imefungwa, akachovya, akatoa. Lita zilizobaki ni zile tano za bodaboda, kasoro tulizomwaga barabarani. Akarudisha bamba, akaniambia niwashe swichi. Mshale ukapanda polepole, kwa heshima zake, hadi chini kidogo ya nusu. Akachomoa plagi ya waya pale kwenye tangi.

Kwa jinsi nilivyoeleza hapo juu, ungetegemea nini? Waya umeachana na tangi, mshale ulale kwenye E. Haukulala. Ulibaki palepale.

Fundi akaishika ile plagi, akaigusisha kwenye chuma cha bodi. Hapo mshale ungepaswa kukimbilia F. (Usilifanye hili karibu na tangi la petroli lililo wazi; cheche moja inatosha.) Haukutikisika. Alikaa kitako mchangani akawasha sigara mbali na gari, akasema, "Hii geji haizungumzi na tangi. Inazungumza na mtu mwingine."

Tukaufuata waya kutoka dashibodi kurudi nyuma, nchi kwa nchi. Chini ya zulia, kando ya kiti cha dereva, vidole vyangu vikakuta uvimbe. Utepe mweusi wa umeme umezungushwa. Tukaufungua. Waya wa kwenda tangini ulikuwa umekatwa, na ule wa kutoka kwenye geji umeunganishwa na kikinzani kidogo, ncha ya pili imefungwa kwa skrubu kwenye bodi. Kikinzani kina mistari ya rangi: njano, zambarau, nyeusi. Nilisahau karibu kila kitu cha chuo lakini hizo rangi sikuzisahau. Njano ni nne, zambarau ni saba, nyeusi haiongezi sifuri. Omu 47. Kwa geji ile, hiyo ndiyo sauti ya tangi lililo chini kidogo ya nusu, mchana na usiku, lina mafuta au halina.

Mjomba alikuwa amesimama nyuma yetu. Aliuliza mara moja tu, "Imejiharibikia?" Fundi akasema, "Hapana, mzee. Hii imefungwa na mtu."

Tuliurudisha waya wa tangi mahali pake, ndipo tukaelewa sababu. Mshale ulilala kwenye E, na hata tulipoazima lita 15 tukatia haukuamka. Tukaitoa floti. Mkono ukisogezwa kwa kidole, mita inashuka vizuri kutoka omu mia na ushee hadi chache, kwa hiyo utepe ni mzima. Fundi akaitikisa ile floti ya shaba nyembamba sikioni. Ikalia chubwi chubwi. Floti haitakiwi kulia. Ikilia imeingiza mafuta, imezama, inakaa chini ya tangi ikisema tupu hata likijaa. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wa kweli wa gari, na ni ugonjwa wa upande salama. Mtu alikuwa amechoka na mshale unaosema tupu, au alitaka kuuza, akaona rahisi kuufundisha mshale neno lingine. Nani, sijui kusema. Utepe ulikuwa na vumbi la miaka. Huenda hata aliyemuuzia mjomba aliuziwa hivyohivyo. Namba yake ya simu haipatikani.

Kuitengeneza ilikuwa kazi ndogo. Tuliitosa floti kwenye sufuria ya maji ya moto, hewa ya ndani ikatanuka, na uzi wa mapovu ukatoka kwenye mshono wake. Fundi akalipanua tundu kidogo, akakamua dizeli yote, akaianika juani kutwa nzima kwa sababu kupasha moto chuma chenye mvuke wa mafuta ndani ni kutafuta ajali. Kesho yake akaliziba kwa risasi nyembamba sana, isije floti ikawa nzito. Akasugua skrubu ya waya wa bodi kwa msasa. Tukatia lita tano tano, kila mara tukingoja mshale ufanye uamuzi wake. Ulipanda kila mara.

Gharama yote, pamoja na nauli ya fundi, haikufika shilingi elfu mbili.

Jioni mjomba alinijia akaniomba kile kikinzani. Alikifunga kwenye kipande cha gazeti, akavaa shati safi, akasema twende. Mama mkubwa alikuwa nje kwenye kigoda, anachambua mchele. Nikamwamkia, akaitikia. Mjomba alisimama, hakuketi, akasema "Dada," kisha akakunjua gazeti akamwekea mkononi.

Alianza kumweleza, kutoka kwenye tangi, taratibu, kama nilivyomweleza mimi. Mama mkubwa hakumkatiza. Alikigeuza kile kitu kwenye kiganja, akakisogeza karibu na taa aione mistari yake. Mjomba alipomaliza, kimya kilikuwa kirefu. Kisha akaniuliza mimi, si yeye, kitu kama hiki kinauzwa pesa ngapi.

"Shilingi kumi, mama," nikamwambia. "Au chini ya hapo."

Akakishika. Kisha akamsogezea mjomba mkeka kwa mguu.